Kabla Hujaandika Sifuri: Mwongozo wa Takwimu za Ajira na Ujumuishaji wa Wafanyakazi Wenye Tofauti za Ubongo

Afisa rasilimali watu wa kiwanda kimoja cha mazao katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania aliwahi kunionyesha taarifa ya mwaka aliyokuwa akiiandaa, na kwenye safu ya wafanyakazi wenye usonji, disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika) na hali nyingine za namna hiyo alikuwa ameandika sifuri. Aliiandika kwa nia njema, kwa kuwa hakuna faili hata moja lililokuwa na cheti cha daktari kinachotaja hali hizo. Saa moja baadaye, tulipokuwa tukipita ghalani, alinionyesha kijana anayehesabu kreti ambaye hajawahi kukosea hesabu, ila hasalimii watu na hukasirika mtu akihamisha kalamu yake. Akanionyesha pia fundi hodari wa mitambo ambaye kila fomu yake hujazwa na mwenzake. "Ndivyo walivyo," alisema, tukaendelea na safari. Sifuri ile haikuwa uongo. Lilikuwa jibu sahihi la swali lililoulizwa vibaya.

Mwongozo huu umekusudiwa kwa wanaoandika taarifa za aina hiyo: maafisa utumishi, wamiliki wa viwanda vya mbao Mafinga, mameneja wa mashamba ya chai Rungwe na Mufindi, wasimamizi wa vituo vya kufungasha parachichi Njombe, na wenye shule, hoteli na maduka ya jumla Mbeya na Iringa. Kwa "tofauti za ubongo" ninamaanisha usonji, upungufu wa umakini unaoambatana na kutotulia, disleksia, ugumu wa hesabu, ugumu wa kuratibu miondoko ya mwili, sindromu ya Tourette (miondoko na sauti zinazomtoka mtu bila kukusudia) na hali zinazofanana na hizo. Mtu huzaliwa na ubongo unaopokea na kupanga mambo kwa namna isiyo ya wengi, naye hukua nao hadi utu uzima. Wazo la kuzitazama hali hizi kama sehemu ya tofauti za kawaida za wanadamu lilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, na mmoja wa waliolitanguliza ni mwanasosholojia wa Australia, Judy Singer, katika tasnifu yake ya mwaka 1998. Mtaani kwetu hali hizi bado huchanganywa na wendawazimu, kurogwa au malezi mabaya, na mkanganyiko huo ndio unaofanya kazi ya kukusanya takwimu kuwa ya hatari kwa anayehesabiwa.

Hatua ya kwanza: Amua takwimu zitafanya kazi gani

Waajiri wengi huanza na fomu, ilhali walipaswa kuanza na matumizi. Kuna matumizi matatu ambayo hayafanani, na kila moja linahitaji taarifa tofauti: kutimiza matakwa ya sheria, kuondoa vizuizi vinavyowakwamisha watu kazini, na kujua iwapo wafanyakazi hawa wanadumu, wanapandishwa vyeo na kulipwa sawa na wenzao.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Kiwanda chenye wafanyakazi 140 kikipiga hesabu kitapata 4.2, na kwa kuwa watu hawagawanyiki, itabidi wawe 5 ili wasipungue kiwango hicho. Hapa ndipo kishawishi kinapoingia: meneja aliye na watu 3 tu hutazama huku na huku, akamwona yule kijana wa ghalani asiyesalimia, akamwandika. Usifanye hivyo. Sheria inautazama ulemavu kama hali ya mtu inapokutana na vizuizi vya mitazamo, mazingira na taasisi, hivyo mtu mwenye usonji au disleksia anaweza kuingia humo. Lakini wapo wengi wasiojiona kuwa na ulemavu na wasiotaka kuitwa hivyo, nao wana haki ya kukataa. Asiingizwe kwenye hesabu ya asilimia 3 mtu ambaye hajaelezwa na kukubali.

Kwa maoni yangu, matumizi la pili, yaani kuondoa vizuizi, ndilo mwajiri mdogo alitangulize, kwa sababu halihitaji jina la hali ya mtu hata kidogo. Linahitaji kujua ni nini kinachomzuia kufanya kazi vizuri.

Hatua ya pili: Jua mipaka ya kisheria kabla ya kuuliza

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Chini yake taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti, na kuzichakata kunahitaji kwanza ridhaa ya maandishi ya mhusika. Taasisi inayokusanya taarifa binafsi inapaswa pia kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa hiyo ule utaratibu wa kumwita mfanyakazi ofisini, kumwuliza mdomo kwa mdomo kama "ana tatizo lolote la kichwa", kisha kuandika pembeni mwa faili lake kwa kalamu nyekundu, si utovu wa adabu tu, bali ni kosa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kwa upande wake inakataza ubaguzi kazini, na ulemavu umetajwa miongoni mwa misingi iliyokatazwa. Tanzania pia iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 27 inahusu kazi na ajira, na ibara ya 31 inahusu ukusanyaji wa takwimu, ikiwa ni pamoja na ulinzi wa siri za wanaohesabiwa.

Hatua ya tatu: Soma kwanza karatasi ulizonazo

Kabla hujamwuliza mtu yeyote chochote, fungua kabati. Chukua barua za onyo za miaka 2 iliyopita, daftari la mahudhurio, orodha ya walioacha kazi au kuachishwa, na matangazo ya kazi uliyobandika, kisha usome ukitafuta mwenendo unaojirudia badala ya kumtafuta mtu.

Barua za onyo ndizo zenye mengi zaidi. Zitenge zile zinazohusu uzembe halisi, wizi au ulevi, ubaki na zile zenye maneno kama "hana ushirikiano", "ana kiburi", "hasikii maelekezo", "mpaka arudiwe mara tatu", "huacha kazi na kuanza nyingine". Huku kwetu salamu ni mlango wa utu: anayepita bila "kamwene" Iringa au Njombe, au bila "ugonile" Rungwe, huhesabiwa kuwa hana adabu, na asiyemtazama mkubwa usoni anapojibu swali zito hudhaniwa kuwa anaficha jambo. Mtu mwenye usonji anaweza kushindwa mambo hayo yote mawili na bado akawa mwaminifu kuliko wote zamuni. Nimewahi kusoma barua ya onyo aliyopewa mfanyakazi kwa kugeuza sweta la sare ndani nje wakati wa baridi ya Juni; baadaye ilijulikana kuwa mishono ya sweta ilikuwa ikimkwaruza kiasi cha kumfanya asiweze kufikiri. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Jambo la pili la kutazama ni muda ambao watu huondoka. Masharti ya sheria ya ajira kuhusu kuachishwa kazi isivyo halali hayamhusu mfanyakazi aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi 6, na kwa sababu hiyo kipindi cha majaribio ndicho ambacho watu "wasioeleweka" huondolewa kimyakimya bila sababu kuandikwa. Hesabu ni wangapi waliondoka kabla ya miezi 6, walikuwa idara gani na chini ya msimamizi gani. Ikiwa wengi wametoka mikononi mwa msimamizi mmoja, umeshapata takwimu yenye maana zaidi kuliko fomu yoyote ya afya. Kumbuka pia kuwa katazo la ubaguzi halisubiri miezi 6.

Usiwasahau vibarua. Wachuma chai, wapanga daraja za parachichi na wabeba magogo mara nyingi hawamo kwenye mfumo wa mishahara ya mwezi, na mwajiri anayehesabu wa mikataba ya kudumu peke yao atakuwa amewaacha nje watu ambao huenda ndio wengi, kwa kuwa aliyeshindwa shule kwa sababu ya disleksia hukimbilia kazi isiyodai cheti.

Hatua ya nne: Rekebisha kabla ya kuuliza

Watakaokushangaa hapa ni wengi, kwa kuwa mazoea ni kuuliza kwanza na kurekebisha baadaye. Lakini mfanyakazi hujiuliza jambo moja tu anapopewa fomu: nikisema ukweli, nitapata nini, na nitapoteza nini? Kama hajaona mtu mwingine akisaidiwa, atanyamaza, na hesabu yako itarudi sifuri. Wapo wasimamizi wanaopenda kuwaambia walio chini yao kuwa mficha uchi hazai. Methali hiyo husemwa kwa urahisi na yule ambaye uchi wake haumfukuzishi kazi.

Anza na mambo yanayowafaa wote na yasiyomlazimu mtu kujitambulisha. Maelekezo ya zamu yaandikwe ubaoni kwa herufi kubwa na sentensi fupi, na yarudiwe kwa ujumbe wa sauti katika kundi la WhatsApp la idara, ili asiyesoma vizuri asikie na asiyeshika ya kusikia asome. Mabadiliko ya zamu yatangazwe mapema, tuseme siku 3 kabla, badala ya kupigiana simu usiku. Kila mfanyakazi ajue msimamizi wake ni mmoja, asipewe amri zinazopingana na watu watatu. Kwenye mashine za kupasulia mbao, zikiwemo zile za dingdong zinazohamishwa kutoka shamba hadi shamba, vizibo vya masikio vitolewe kwa kila mtu. Ni hitaji la usalama tangu mwanzo, ila kwa mwenye usonji ndivyo vinavyoamua kama atamaliza siku au ataondoka saa nne asubuhi. Makontena na kreti yapewe rangi na picha pamoja na maandishi. Atakayehitaji dakika kumi za utulivu mbali na watu apewe mahali pa kuketi, hata kama ni benchi nyuma ya stoo.

Gharama ya haya ni ndogo. Huko Marekani, tafiti za miaka mingi za Job Accommodation Network, huduma ya ushauri kuhusu marekebisho ya kazi kwa watu wenye ulemavu, miongoni mwa waajiri zimeonyesha kuwa takriban nusu ya marekebisho hayagharimu chochote. Na anayetaka mfano wa karibu aende Iringa mjini, kwenye Neema Crafts, karakana na mkahawa ulioanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya kuwaajiri watu wenye ulemavu. Mkahawani wahudumu ni viziwi, na mteja huandika anachotaka kula. Uziwi si tofauti ya ubongo ninayoizungumzia, lakini namna ya kufikiri ni ile ile: kilichobadilishwa ni utaratibu wa kuagiza chakula, mhudumu akabaki alivyo.

Hatua ya tano: Tunga maswali yanayojibika

Swali la "Je, una usonji?" halifai, kwa sababu huduma za kumpima mtu mzima ni adimu katika mikoa yetu, na wengi wenye hali hiyo hawajawahi kulisikia jina lake. Swali la "Je, una ulemavu?" pia halifai, na wataalamu wa takwimu wamelijua hilo kwa muda mrefu. Kundi la Washington, lililoundwa mwaka 2001 chini ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa, lilitunga maswali mafupi 6 yasiyotaja neno ulemavu: yanauliza ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia, na kuwasiliana. Majibu yana ngazi nne, kuanzia "hakuna ugumu" hadi "siwezi kabisa", na kwa kawaida anayejibu "ugumu mkubwa" au zaidi katika eneo moja ndiye anayehesabiwa.

Maswali hayo ni msingi mzuri, ila kwa watu tunaowazungumzia hapa yana matundu. Fundi mwenye disleksia anaweza kujibu kwa haki kabisa kuwa hana ugumu wa kukumbuka wala wa kuwasiliana, kwa sababu anakumbuka kila nati ya jenereta na anaongea vizuri. Kinachomshinda ni karatasi. Ongeza basi maswali yanayohusu kazi yenyewe, yaliyotungwa kwa Kiswahili cha kila siku. Kwa mfano: "Unapopewa kazi kwa maandishi, unapata ugumu kiasi gani kuielewa?" "Unapopewa maelekezo mengi kwa mdomo kwa wakati mmoja, unapata ugumu kiasi gani kuyashika?" "Kelele, mwanga, harufu au nguo za kazi hukusumbua kiasi cha kushindwa kuendelea na kazi?" "Ratiba ikibadilika ghafla, hukuathiri kiasi gani?" "Je, umewahi kulaumiwa kazini kwa namna unavyoongea, unavyosalimia au unavyotazama watu?" Na la mwisho, ambalo ningelibakiza hata kama mengine yote yangefutwa: "Ni kitu gani kimoja kikibadilishwa kitakufanya ufanye kazi vizuri zaidi?"

Kila swali liwe na nafasi ya "sipendi kujibu". Anayechagua nafasi hiyo amejibu, na idadi ya waliofanya hivyo ni kipimo cha imani waliyonayo kwako.

Hatua ya sita: Siku ya kuuliza

Usimtume msimamizi wa zamu kugawa fomu. Tumia mtu asiye na mamlaka ya kuandika onyo wala kupendekeza nyongeza ya mshahara; mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mtu wa nje anafaa. Kwa kuwa fomu ya maandishi yenyewe ni kizuizi kwa baadhi ya wale unaowatafuta, kila mtu apewe uchaguzi wa kusomewa faraghani au kusikiliza maswali yaliyorekodiwa. Katika mashamba, wazee wengine hujieleza vizuri zaidi kwa Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au Kibena, na mkalimani asiwe jirani wala ndugu.

Mwanzoni mwa fomu iandikwe wazi nani atasoma majibu, yatakaa wapi, yatafutwa lini, na kwamba kukataa hakuna adhabu. Fomu isiyo na jina itumike kwa hesabu ya jumla. Anayetaka marekebisho yake binafsi ajaze karatasi nyingine yenye jina na sahihi ya ridhaa, na karatasi hizo mbili zisichanganywe.

Hatua ya saba: Kutunza na kutoa taarifa

Rejesta ya marekebisho iwe mbali na faili la nidhamu, chini ya ufunguo wa mtu mmoja, na iandike kilichotolewa, si sababu ya kitabibu. "Anapewa maelekezo kwa sauti" inatosha.

Katika kuripoti, usitaje kundi lenye watu wachache mno. Kiwango kinachotumika sana ni kutochapisha idadi iliyo chini ya 5. Mafinga au Tukuyu ukisema "mmoja katika idara ya mizani", umemtaja kwa jina, maana mji mzima unajua nani yuko mizani. Unganisha idara au miaka hadi idadi iwe ya kutosha kumficha kila mtu.

Hatua ya nane: Soma takwimu bila kuazima za wengine

Uingereza ina takwimu nzuri za jambo hili, nazo zinasikitisha. Ripoti ya Buckland kuhusu ajira ya watu wenye usonji, ya Februari 2024, ilieleza kuwa takriban watu 3 kati ya 10 wenye usonji walio katika umri wa kufanya kazi wana ajira, ilhali kwa watu wenye ulemavu kwa jumla ni 5 kati ya 10, na kwa wasio na ulemavu ni 8 kati ya 10. Nimeona watu wakiichukua namba hiyo na kuipachika kwenye andiko la mradi wa Mbeya. Haibebeki hivyo. Kule inategemea watu wanaojua hali yao na waliojitaja kwenye utafiti. Huku, mtu yule yule yumkini analima mpunga Kyela na ndugu zake au anashona viatu Mwanjelwa, hana mshahara na hana jina la hali yake, lakini yuko kazini tangu alfajiri. Hata sensa yetu ya mwaka 2022, iliyoonyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu, inahesabu ugumu wa aina nyingi kwa pamoja, na haiwezi kukuambia wangapi katika kiwanda chako wana disleksia.

Jilinganishe na wewe mwenyewe wa mwaka jana. Walioomba marekebisho ni wangapi, waliopewa wangapi, na ilichukua siku ngapi? Miongoni mwa waliopewa, wangapi bado wapo baada ya mwaka mmoja, ukilinganisha na wafanyakazi wote? Idadi ya waombaji ikipanda, usishtuke wala usimwambie mkurugenzi kuwa matatizo yameongezeka. Kilichoongezeka ni watu wanaothubutu kusema.

Kuajiri, na pale mambo yanapoharibika

Tangazo la kazi ya kuhesabu kreti halina haja ya kudai "mchangamfu mwenye uwezo mkubwa wa mawasiliano". Andika kazi ilivyo: kuhesabu, kuandika, kusimama saa kadhaa, kufika saa moja na nusu. Badala ya jopo la watu watano wanaomkazia macho mwombaji, mpe kazi ya majaribio ya nusu siku yenye malipo, na maswali ya usaili umpe siku moja kabla. Mtahini asimkate alama kwa kutotazamwa usoni.

Utendaji ukishuka, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinamtaka mwajiri atafute sababu, atoe mwongozo na kumpa mfanyakazi muda wa kujirekebisha kabla ya kumwachisha. Rejesta yako ya marekebisho ndiyo ushahidi kwamba ulifanya hivyo, au kwamba hukufanya. Mfanyakazi anayeona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa migogoro mingine siku 60. Mweleze hivyo kwa mdomo, polepole, na umpe pia kwa maandishi, kwa kuwa mwenye kupoteza hesabu ya siku ndiye atakayeumia zaidi na muda huo.

Yule afisa tuliyeanza naye aliiandika upya safu yake mwaka uliofuata. Palipokuwa na sifuri aliweka mistari mitatu: idadi ya walioomba marekebisho, idadi ya waliopewa, na wastani wa siku walizosubiri. Kwenye kisanduku cha waliothibitishwa na daktari aliandika neno moja, "Hatukuuliza", na mkurugenzi akatia sahihi.